Daraja Ambalo Mzee Thembo Hakulitilia Sahihi

Vijana wangu mnaoingia sasa katika ofisi za fedha za wilaya, najua mmekuta kompyuta mezani. Mshahara wa mwalimu wa Kyarumba unaondoka Kampala na kuingia benki, na mwalimu anapata ujumbe kwenye simu akiwa bado darasani. Ni vizuri. Mimi, Masika, nilifanya kazi Hazina ya wilaya pale Kasese tangu nilipokuwa msichana mpaka nikawa bibi wa wajukuu, na sitamani hata kidogo kurudi kwenye zile siku za kubeba mshahara kwenye sanduku la bati, katikati ya askari, nyuma ya pikapu inayopiga mashimo kwenda Bwera. Tulikuwa tunaweka meza nje, askari anapiga kelele, "Mstari! Rudi nyuma!", na watu wazima, wakunga na walimu wakuu, wanarudi nyuma kama watoto wa shule.

Lakini mmoja wenu aliniuliza juzi, kwenye arusi ya mpwa wangu, mweka hazina alikuwa anafanya nini hasa kama siyo kuhesabu. Nilianza kumjibu, muziki ukanizidi. Basi nimeamua kuandika.

Kabla sijazaliwa, mweka hazina wa huku kwetu alikuwa mtu wa kukusanya. Kodi ya kichwa iliteremka kutoka milimani, ushuru wa chumvi ukaja kutoka Katwe, yeye akapokea na kupeleka juu. Hata mimi nilikuta mabaki ya kazi hiyo. Noti za Katwe zilikuwa zinafika na unyevu wa chumvi, na ukizifungia vile vile kwenye sefu zinashikana, na sefu yenyewe inaanza kushika kutu. Tulizitandaza mezani karibu na dirisha, kila moja na kijiwe juu yake, na mgeni akiingia anadhani tunacheza. Pesa za soko la Bwera zilikuwa na ugonjwa mwingine. Ukifungua burungutu la shilingi unakuta katikati faranga za Kongo zimekunjwa vizuri, zimelala kimya. Mpokeaji anaapa hakuziona.

Baadaye kodi ile ikafutwa, na pesa zikaanza kuja kutoka Kampala, kila fungu na kazi yake: hili la dawa, hili la madarasa, hili la barabara. Mtu wa kukusanya akageuka kuwa mtu wa kutoa. Na kutoa ndiko kugumu. Hakuna pesa iliyotoka bila sahihi mbili, ya Mtendaji Mkuu wa wilaya na ya mweka hazina. Mmoja peke yake hakuweza hata kununua kalamu. Tena mwisho wa mwezi wa sita, mwaka wa serikali unapofungwa, fungu ambalo halijatumika linarudi Kampala. Mkumbuke hilo, kwa sababu ndilo lililoleta mambo ninayotaka kuwaambia.

Mweka hazina wetu wakati huo alikuwa Mzee Thembo. Watu walimwita Bwana Hazina, hata kanisani. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kukohoa kidogo kabla ya kusema. Hakuwa mtu wa kuchekesha, na wafanyakazi wengi walimwogopa. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kukausha noti, kuangalia mhuri kabla ya maneno, kutokubali chai ya mtu ambaye karatasi yake bado iko mezani. Zaidi ya yote alinifundisha kwenda kuona. Ukimletea karatasi ya darasa lililojengwa, anauliza, "Wewe umeliona?" Ukisema injinia ameliona, anauliza tena, kwa sauti ile ile. Aliweka mabuti ya mpira nyuma ya mlango wa ofisi, na siku nyingine unamkosa, unaambiwa amepanda bodaboda, amekwenda kugusa ukuta wa zahanati fulani.

Kulikuwa na mto huko juu ya Kyarumba ambao watu waliuvuka juu ya mawe. Wakati wa kiangazi ni kitu cha kawaida. Mvua zikianza, maji yanashuka kutoka mlimani kwa ghafla, hata pale ambapo hakujanyesha. Wakulima wa ng'ambo walikuwa wanabeba kahawa yao kichwani mpaka barabarani, na mama mwenye uchungu wa kuzaa alibebwa kwenye machela kupita mawe yale yale. Wilaya iliomba daraja la miguu miaka mingi, mwisho ikalipata, na mkandarasi mmoja akapewa kazi.

Mwaka ule mwezi wa sita ulikuta Mzee Thembo amelazwa hospitali Bwera. Kifua kilikuwa kimembana. Hakuwa amekabidhi kazi kwa mtu, kwa sababu alidhani atatoka baada ya siku mbili, na daktari naye alikuwa anamwambia kesho, kesho. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa napanda gari kwenda Bwera na mfuko wa karatasi. Anaketi kitandani, anasoma, anatia sahihi, anapumzika. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mzee aliyeletwa kutoka Butembo, upande wa Kongo, akiuguzwa na binti yake, mchuuzi wa vitenge. Yule mama hakufurahishwa na mimi kabisa.

"Huyu muzee iko mugonjwa," aliniambia. "Munamuletea makaratasi kila siku ya nini? Mutamuua na makaratasi."

Mzee Thembo alicheka mpaka akakohoa. Ni mojawapo ya mara chache nilizomwona akicheka.

Siku za mwisho za mwezi, Mtendaji Mkuu aliniita. Alinipa hati ya malipo ya daraja. Injinia ameandika kwamba daraja limekamilika, yeye mwenyewe ameshatia sahihi yake, imebaki ya mweka hazina. Aliniambia niende Bwera siku hiyo hiyo, kwa sababu pesa zikirudi Kampala watu wa mlimani watatulaani.

Nilifika nikampa Mzee Thembo. Alisoma, akaiweka juu ya shuka.

"Umeliona?" akauliza.

Nikamwambia sijaliona.

"Mimi siwezi kupanda Kyarumba na kifua hiki. Nenda wewe. Halafu uje uniambie ulichokiona, siyo ulichoambiwa."

Nilikwenda asubuhi iliyofuata. Bodaboda ilinifikisha mwisho wa njia ya gari, na kutoka hapo ni miguu. Njia ile ni mwinuko ambao unakufanya uombe radhi kwa kila mtu aliyewahi kukuuzia kahawa. Nilikutana na mwanamke anateremka na mzigo wa maharage kichwani, nikamwuliza njia ya daraja jipya. Aliniangalia nguo zangu, akatua mzigo kwa jirani, akasema atanipeleka. Jina lake lilikuwa Biira. Alikuwa na umri kama wangu, mke wa mkulima mmoja aitwaye Kule, na nyumba yao ilikuwa upande huu, shamba lao la kahawa ng'ambo ya mto.

Tulipofika, niliona nguzo za saruji, mbili upande huu na mbili upande ule, zimesimama vizuri. Juu yake hakukuwa na kitu. Hakuna chuma, hakuna mbao, hakuna pa kukanyaga. Mafundi walikuwa wameondoka tangu Pasaka, Biira aliniambia, na walibeba hata koleo zao.

Nilitaka kuona nguzo za ng'ambo kwa karibu. Biira akanishika mkono, akanivusha juu ya mawe, akiniambia lipi linacheza na lipi limetulia. Alikuwa anavuka bila kuangalia chini. Tukiwa upande wa pili aliniuliza kama mimi ndiye wa serikali. Nikamwambia mimi ni wa Hazina.

"Basi utawaambia wamalize?"

Nikamwambia nitasema nilichokiona.

Alifikiri kidogo, kisha akasema hiyo siyo sawa na kumaliza. Alisema bila hasira. Akanirudisha juu ya mawe, akachukua mzigo wake, tukaagana.

Nilirudi Bwera jioni ile kabla ya giza, nikamweleza Mzee Thembo yote. Kesho yake Mtendaji Mkuu mwenyewe akaja hospitali, na mkandarasi akiwa nyuma yake na matunda kwenye mfuko. Nilikuwepo. Mtendaji Mkuu hakuwa mtu mbaya, na sitaki mmwone hivyo. Alisema ukweli: kazi haijaisha, lakini pesa zinarudi baada ya siku chache. Mzee atie sahihi, mkandarasi alipwe, naye ameahidi kumaliza mwezi wa saba. Mkandarasi akaitikia, akasema vyuma viko njiani. Mzee Thembo akapendekeza kitu kingine. Injinia aandike hati mpya, ya nguzo peke yake, na nguzo atazilipa leo, kutoka hapo kitandani. Mtendaji Mkuu akasema injinia amekwenda Kampala na simu yake haipatikani. Kweli, hakupatikana mpaka mwezi ulipokwisha.

"Akishalipwa," Mzee Thembo akauliza, "nani atamrudisha mlimani?"

Mkandarasi aliacha matunda juu ya kabati, na Mzee Thembo akaniambia nimkimbilie nimrudishie. Nikamkimbilia mpaka getini.

Nitawaambia ukweli wangu: mimi nilitaka atie sahihi. Nilikuwa nimeona mawe yale. Niliporudi kutoka getini nilimwambia, kwa heshima, kwamba mtu akiahidi mbele ya Mtendaji Mkuu labda atatimiza, na kulipia nguzo nne ni afadhali kuliko hasira ya watu wa mlimani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipa hati ile bila sahihi, akageukia ukuta. Pesa zikarudi Kampala.

Habari zilifika mlimani haraka kuliko mimi ningeweza kuzipeleka. Kwenye redio mtu mmoja alisema Bwana Hazina ameuza daraja. Diwani wa Kyarumba alikuja ofisini na wazee wake, wakakaa kwenye benchi letu siku nzima, hawakusema na mtu. Mzee Thembo alipotoka hospitali, aliporudi kazini, alipita mbele yao akawasalimia, hawakumwitikia. Mkandarasi alinyang'anywa kazi. Daraja likabaki nguzo.

Mvua za mwezi wa tisa zilikuja mapema. Sisi tuliokuwa Kasese tuliona tu mto wetu unabadilika rangi. Alasiri moja diwani akapiga simu ofisini. Huko mlimani maji yalikuwa yameshuka, na mwanamke mmoja aliyekuwa anavuka na kahawa ya kupeleka kwa mnunuzi amechukuliwa. Walimpata chini, mbali, penye mianzi. Nilimwuliza jina. Nilijua kabla hajalitaja.

Mzee Thembo alikuwa mezani kwake. Nilimwambia ni yule mwanamke aliyenivusha. Alivua miwani akaiweka juu ya vitabu. Nikatoka. Baadaye nilimsikia anaita dereva, na dereva akamwambia gari haliwezi kufika huko kwa mvua hii. Akachukua mabuti yake.

Tulikwenda pamoja kwenye maziko, mimi na yeye. Ilibidi apumzike kila mahali, akiegemea miti ya kahawa ya watu, na kifua chake nilikisikia kikipiga filimbi. Watu wa wilaya wengine walikuwa wametuma bahasha za rambirambi kwa mkono wa diwani. Tulipotokea pale uani, minong'ono ilisimama. Kijana mmoja alimsogelea na panga mkononi, akazuiwa na wenzake. Mzee Thembo hakusogea. Aliuliza tu mume wa marehemu yuko wapi.

Kule alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wanawe. Mzee Thembo akakaa chini mbele yake, kwenye udongo, mabuti na yote. Akamwambia kwa Lhukonzo, lugha ya watu wa milima ile, jina lake na kazi yake. Akamwambia yeye ndiye aliyekataa kutia sahihi.

Kule akauliza swali moja.

"Ungetia, daraja lingekuwepo?"

Mzee Thembo alikohoa. Nilidhani atasema hajui, maana hilo lingekuwa jibu rahisi na si la uongo.

"Sidhani," akasema. "Ingekuwepo karatasi inayosema daraja lipo. Na mwakani ningeenda Kampala kuomba pesa za daraja hili, wangenifungulia hiyo karatasi. Ungebaki na mawe yako mpaka uzee."

"Lakini wewe hujui. Labda yule mtu angemaliza."

"Labda angemaliza," Mzee Thembo akasema. "Hilo ni kweli. Sijui."

Mmoja wa wazee akasema inatosha, wageni waondoke. Kule hakumpa Mzee Thembo mkono, wala hakumfukuza. Tuliondoka baada ya kaburi kufunikwa. Tulipofika penye mto Mzee Thembo alisimama kwenye ukingo akitazama nguzo, maji yakiwa bado na rangi ya chai ya maziwa, akasema nimkumbushe kuandika ombi upya wiki hiyo, siyo wiki ijayo.

Tuliandika. Kampala wakatuma mkaguzi. Mkaguzi akafungua vitabu vyetu, akaona kwamba daraja la mto ule halijalipwa, halijakamilika, na pesa zake zilirudi. Akapanda mlimani, akaona kitu kile kile kilichoandikwa. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na nawaambieni ni mara chache sana nimeona kitabu na mlima vikikubaliana hivyo. Pesa zilikuja tena mwaka uliofuata. Mkandarasi mwingine, mama mmoja wa Kasese asiye na maneno mengi, alizikagua nguzo zile, akazikubali, akaleta vyuma na mbao. Safari hii Mzee Thembo alipanda mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Alikwenda mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza vyuma vya pembeni vilikuwa bado.

Hakuishi kuona mwaka mwingine. Kifua kile kile. Mnataka niwaambie kwamba alikufa ametulia, lakini sitawadanganya. Siku za mwisho nilikuwa namtembelea nyumbani kwake Kisinga, na mara mbili tatu alirudia lile jibu alilompa Kule, labda angemaliza, kama mtu anayerudia hesabu isiyofunga. Nikamwambia alifanya kazi yake. Akasema kazi ni kazi, lakini yule mama alikuwa anajua mawe yote kwa majina.

Ninyi mtakaa kwenye kiti kile kile, hata kama sasa kina jina jipya na sahihi yako ni namba ya siri unayobonyeza. Mtu atakuja na karatasi mwezi wa sita unaisha, na atakuwa na sababu nzuri. Siku nyingine atakuwa na sababu njema kuliko yako. Mimi sina dawa ya siku hiyo. Nawaambia tu kwamba unapobonyeza unasema, nimeona. Kama hujaona, panda uone. Na kama kukataa kwako kumemwumiza mtu, usitume bahasha.

Baada ya kustaafu nilimkuta Kule, mume wa Biira, pale Bwera, mahali wanapopima kahawa. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe. Aliniona kwanza yeye. Tukasalimiana, akauliza habari za yule mzee, nikamwambia alifariki. Alikuwa hajui. Alikaa juu ya magunia yake matupu kwa muda, watu wanampita, mpimaji anamwita akachukue pesa zake, yeye yuko pale pale.

"Alikuja nyumbani kwangu siku ambayo hakuna mtu wa kwenu aliyeweza kuja," akasema.

Nikamwuliza kuhusu daraja. Akashangaa kwamba mimi sijawahi kulivuka. Nilimweleza kwamba siku ya kulifungua nilibaki ofisini, na baada ya hapo sikupata safari. Hakunilaumu. Alichukua pesa zake, akakunja magunia, akasema yeye anarudi juu sasa hivi, na bodaboda inaweza kubeba watu wawili.

Tulipofika mtoni jua lilikuwa bado juu. Kulikuwa na wasichana wa shule wanavuka, na mtu mwenye mbuzi aliyekuwa anakataa. Kule alinipisha nitangulie. Mbao zilikuwa zimechakaa kidogo, lakini hazikucheza. Nilipofika katikati niligeuka, nikamwona amesimama nyuma yangu, mkono wake juu ya chuma cha pembeni, anatazama yale mawe chini, ambayo sasa hayakanyagwi na mtu na yameota ukungu wa kijani. Nilimsubiri. Alipokuwa tayari, tukavuka.